Kiswahili Kilikuwa Mwisho wa Orodha

Mdogo wangu alihamia Ulaya mwezi Januari, akiwa na mimba ya miezi saba. Nchi yenyewe ameniomba nisiitaje, nami namheshimu. Inatosha kujua kuwa ni huko kwenye theluji, na kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Mumewe alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika mambo ya udongo, na nyumbani kwetu Kasense tulifurahi mno, maana shemeji yule alikulia Mwimbi kwenye mahindi na ulezi kama sisi tulivyokulia, na sasa alikuwa anakwenda kufundishwa kwa nini shamba la huyu linazaa na la jirani yake halizai.

Mimi nina steshenari mjini Sumbawanga. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, printa na benchi refu la wateja. Watu huja kuchapa barua na kutoa kopi za vyeti, lakini zaidi huja kujaziwa mambo ya mtandaoni: maombi ya vyeti vya kuzaliwa, ya mikopo ya chuo, ya ajira. Nimekaa kwenye kiti kile miaka tisa. Kama kuna kitu kimoja nilichokijua kuliko majirani zangu wote wa pale mtaani, ni kutofautisha ukurasa wa kweli na ukurasa wa uongo.

Sikukijua kwa akili nyingi. Nilikijua kwa kuungua. Mwaka wangu wa pili nilimjazia mwalimu mmoja maombi ya kazi kwenye ukurasa wenye nembo nzuri na bendera inayopepea. Tukapakia vyeti vyake vyote, picha yake, namba ya kitambulisho chake. Wiki iliyofuata ukurasa ule haukuwepo tena, na vyeti vya mwalimu vilikuwa mikononi mwa watu tusiowajua. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kitu, nasoma anwani ya ukurasa hadi herufi ya mwisho, natafuta nani ameuandika na lini, kisha natafuta ukurasa wa pili wa watu wengine kabisa unaosema jambo lilelile. Wateja wenye haraka hukereka. Mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, wewe unasoma mtandao kama hakimu."

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne ya Februari. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ubaridi wa Ufipa ulikuwa umeingia hadi ndani ya droo. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Kasense kuniletea mahindi mabichi, akaketi mwisho wa benchi akiwa amevaa sweta juu ya kitenge. Pembeni yake alikaa baba mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia Milepa na familia yake na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa basi la kwanza kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, na mtandao ulikuwa unasuasua, kwa hiyo tulikuwa tunasubiri tu.

Saa tatu na nusu simu yangu ikalia kuonyesha ujumbe wa sauti. Nikauweka sikioni.

"Dada, shikamoo. Usimwambie Mama. Kichwa kinaniuma siku ya tatu leo, hakisikii dawa. Miguu imevimba, na asubuhi hii nilipoamka uso nao umevimba. Kuna vitu kama cheche vinapita mbele ya macho. Nimeuliza kwenye kundi letu la wasapu la Waswahili wa huku. Kuna mama mmoja wa siku nyingi amesema nisiende hospitali maana kadi yetu ya ukaazi bado haijatoka. Anasema wakikukuta huna kadi wanakuandika jina, halafu mumeo anasimamishwa masomo. Amesema ninywe maji mengi nilale kwa ubavu wa kushoto. Nimelala, dada. Sijui."

Nikausikiliza mara ya pili. Mimi si muuguzi, ila nimezaa watoto wawili na nimetoa kopi za kadi za kliniki mara zisizohesabika, na nyuma ya kila kadi kuna orodha ya dalili za hatari. Kichwa kuuma sana. Uso kuvimba. Kuona maluweluwe. Karibu nusu ya orodha ile ilikuwa imetoka kinywani mwa mdogo wangu.

Nikampigia. Akapokea kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Mumeo yuko wapi?"

"Wamepelekwa mji mwingine kwa mafunzo, siku mbili. Simu ameizima, wanaanza mapema."

"Nenda hospitali sasa hivi."

"Dada, hujanisikia. Hatuna kadi."

"Kadi itakuja. Nenda."

"Na wakimrudisha? Amehangaika miaka mitatu kuipata nafasi hii. Nimrudishe Mwimbi kwa sababu ya kuumwa kichwa?"

Nikamwambia atakufa. Nilisema neno hilo waziwazi, na ndipo nilipoona Mama amesimama. Hakuuliza kitu. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono begani kwangu, akaongea kwa Kifipa kwenye simu ile, taratibu, akimwita binti yake kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mtoto. Mdogo wangu akaanza kulia. Lakini bado alisema hapana, na mimi nilimwelewa. Alikuwa peke yake katika nyumba ya ghorofa ya nne, kwenye mji asiojua hata kusoma vibao vyake, na mtu pekee aliyekuwa anamweleza mambo ya nchi ile ni yule mama wa kwenye kundi. Mimi nilikuwa Sumbawanga. Ningejua nini?

"Nipe nusu saa," nikamwambia. "Nikikuonyesha maandishi ya wenyewe, ya serikali ya huko, yanayosema uende, utakwenda?"

"Ya wenyewe kabisa?"

"Ya wenyewe."

"Nitakwenda."

Nikakata simu. Nikamgeukia yule baba wa Milepa, nikamwambia, "Mzee, nisamehe, vyeti vyako vitasubiri. Mdogo wangu ni mgonjwa ugenini."

"Fanya hilo kwanza, mama," akasema. "Mimi basi langu ni la mchana."

Nikazima kompyuta ya pili ili mtandao wote uje kwenye moja. Nikaandika kwa Kiingereza jina la nchi, na maneno wageni, mimba, hospitali. Zikaja kurasa kama siafu. Wa kwanza ulikuwa tangazo. Wa pili ulikuwa video ya mtu anayefoka ndani ya gari, akisema mambo kumi ambayo serikali haitaki mgeni ayajue. Wa tatu ulikuwa mzuri sana, una bendera, una picha ya mama akicheka na mtoto, umeandikwa kuwa ni kituo cha kuwapokea wageni. Nikabonyeza palipoandikwa afya. Kabla haujaniambia chochote ukataka jina kamili, namba ya pasipoti na namba ya simu. Nikatazama anwani yake hadi mwisho. Haikuishia kama anwani za serikali ya nchi ile zinavyoishia. Nikatafuta nani anaumiliki, hapakuwa na jina. Nikatafuta tarehe, hapakuwa na tarehe. Nikaufunga, nikimkumbuka yule mwalimu wa vyeti.

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Mama alikuwa ameshika rozari yake, midomo ikicheza bila sauti. Nikajiambia, hapana, usitafute kama mtu aliyepotea. Anza na kitu unachokijua.

Na hapo nikakumbuka barua. Shemeji alipopata nafasi, barua yake ya kukubaliwa chuoni niliichapa mimi, kwa printa ileile iliyokuwa mbele yangu. Aliitumia ubalozini, akapewa viza nayo. Barua ile haikuwa ya uongo, ilikuwa imemvusha mipaka. Nikafungua mafaili ya zamani, nikaikuta, na chini kabisa kwa herufi ndogo kulikuwa na anwani ya mtandao ya chuo. Nikaiandika herufi kwa herufi.

Ukurasa wa chuo ukafunguka polepole, kipande kwa kipande. Juu palikuwa na sehemu ya wanafunzi wapya kutoka nje. Nikaingia. Ndani yake palikuwa na sehemu ya familia za wanafunzi. Nikaingia. Pale chuo kilisema hivi: kwa mambo ya afya, shule na makazi, familia zisome ukurasa wa halmashauri ya mji, na njia ya kwenda huko ilikuwa imewekwa palepale. Sasa nilikuwa nimeshikwa mkono na mtu ninayemwamini, ananipeleka kwa mtu anayemwamini yeye. Nikabonyeza.

Ukurasa wa mji ulikuwa mweupe mtupu, hauna picha ya mama anayecheka. Kichwa cha habari kilisema kuwa ni kwa waliofika karibuni. Pembeni palikuwa na orodha ya lugha. Nikaanza kuishusha. Lugha yao, Kiingereza, Kiarabu, Kifarsi, Kirusi, Kisomali, Kitigrinya, Kituruki, nyingine zimeandikwa kwa herufi ambazo hata sikuzijua. Nilikuwa nashusha tu kwa mazoea, maana Kiingereza nilikuwa nimeshakiona na kingenitosha. Mwisho kabisa, chini ya lugha zote, paliandikwa neno moja: Kiswahili.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikamwita Mama aje asome. Mama alisoma hadi darasa la nne na husoma kwa kuweka kidole. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akasoma silabi kwa silabi, akanitazama.

"Hawa ni wazungu?"

"Ndiyo, Mama."

"Wameandika Kiswahili?"

"Wameandika."

Akakaa chini. Yule baba wa Milepa naye akanyanyuka kuja kuona, kofia mkononi.

Nikabonyeza. Kiswahili kilikuwa cha upande wa Kongo, kimenyooka kwa namna yake. Kilisema: *Wewe ni mama wa mimba na umefika mupya mu mji wetu? Usiogope. Hata kama karte yako ya kukaa haijatoka, uko na haki ya kuangaliwa na muganga. Kuja. Hatutauliza polisi.* Chini yake palikuwa na dalili za hatari, zilezile za nyuma ya kadi zetu, moja baada ya nyingine, na palikuwa na namba ya simu inayopokelewa saa zote. *Sema "Swahili" na ungoje. Mutu wa kutafsiri atakuja ku simu. Yeye anakatazwa kusema mambo yako kwa mutu mwingine.*

Niliyasoma kwa sauti, chumba kizima kikisikiliza. Nilipofika pale pa kuambiwa usiogope, nilirudia mara mbili. Sijawahi kupata furaha ya namna ile kwenye kiti kile. Nimeona watu wakiruka kwa kupata mikopo, nimeona mama akibusu cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, lakini furaha ile ilikuwa yao; hii ilikuwa yangu.

Hata hivyo sikutuma. Miaka tisa ilinizuia. Nikatazama anwani: iliishia sawasawa. Nikatazama tarehe ya kuhaririwa: Desemba, miezi miwili nyuma. Nikatafuta wa pili. Kutoka ukurasa wa mji nikaenda kwenye ukurasa wa wizara yao ya afya, kwa Kiingereza, nikakuta jambo lilelile limeandikwa kisheria, kwamba mjamzito hutibiwa awe na kadi au asiwe nayo, na namba ya simu ilikuwa ileile tarakimu kwa tarakimu. Nikazipiga picha kurasa zote mbili. Nikamtumia mdogo wangu, kisha nikampigia.

"Umeona?"

"Nimeona." Alikuwa anasoma, nilimsikia akinong'ona maneno. "Dada, hiki Kiswahili gani?"

"Cha kukuponya. Piga namba hiyo."

"Na kama ni mtego? Yule mama amesema wanaweka maneno matamu ili watu wajitokeze."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimemletea kila kitu: anwani, tarehe, wizara. Lakini woga hausomi anwani. Hapo ndipo yule baba aliponyoosha mkono.

"Mama, naomba niseme naye. Kama hutajali."

Nikaweka sauti kubwa, nikampa. Aliishika simu mbali kidogo na uso, kama watu wa rika lake wanavyoshika.

"Binti yangu, mimi hunijui. Ni mfugaji, natoka Milepa, lakini kwetu si huku. Nilikuja na ng'ombe na watoto, sijui mtu. Wiki ya kwanza watu wawili walinielekeza. Mmoja akaniambia, kaa kule porini kimya, usiende ofisi ya kijiji, ukienda watakuandika jina na kukufukuza. Wa pili akanishika mkono mchana kweupe, akanipeleka ofisini, akamwambia mtendaji, huyu ni mgeni, mwandikeni. Nilimwamini yule wa kwanza, binti yangu. Nilikaa porini miezi minne. Mwanangu aliumwa kule, nikaogopa kumpeleka zahanati. Alipona, Mungu ni mwema. Lakini mguu wake mmoja haujanyooka mpaka leo. Nilipokwenda ofisini waliniuliza tu, ulikuwa wapi siku zote hizi? Sasa angalia wewe mwenyewe. Yupi kati ya hao wako anakuambia ujifiche, na yupi anakuambia uje?"

Mvua ilikuwa imekata, nikasikia maji yakidondoka kwenye bati.

"Asante, baba," mdogo wangu akasema. "Napiga."

Alikata. Yule baba akanirudishia simu kwa mikono miwili, akarudi kwenye benchi, akavaa kofia yake. Mama akachukua mahindi mawili mazuri kwenye kiroba chake, akamwekea mapajani.

Yaliyotokea upande wa pili aliyasimulia baadaye. Alipiga, akapokea mwanamke aliyesema lugha asiyoielewa. Akasema, "Swahili." Mwanamke akajibu neno moja, kisha ukapigwa muziki, na mdogo wangu anasema muziki ule ulikuwa mrefu kuliko safari ya ndege. Halafu sauti ya mwanamume ikaingia: "Habari, dada. Niko hapa. Sema tu, nitasema kila kitu kama unavyosema." Anasema alipoisikia sauti ile alikaa sakafuni palepale penye mlango. Akaeleza kichwa, akaeleza uso, akaeleza cheche. Hakuulizwa kadi. Aliulizwa anakaa wapi, na mlango uko wazi au umefungwa. Wakamwambia asishuke ngazi peke yake, wanakuja kumchukua.

Sisi huku hatukujua lolote. Saa tano ikapita. Mtandao ukarudi wenye nguvu, nikavimaliza vyeti vya yule baba, mikono ikifanya kazi na akili haipo. Alikuwa na nafasi ya kuwahi basi lake, hakwenda. Alisema barabara ya kushuka bondeni ina utelezi, afadhali ikauke kidogo, ila sote tulijua anasubiri nini.

Saa sita na robo ujumbe ukaingia, na haukuwa wa sauti. Ilikuwa picha ya mkono wa mdogo wangu, umefungwa mkanda wa kupimia presha, na maneno mawili: "Wamesema nimewahi."

Nilimsomea Mama. Akauliza presha ni ngapi. Sikujua. Akauliza wanamfanya nini. Sikujua. Akasimama, akatoka nje, akasimama kwenye jua dogo lililokuwa limejitokeza, na nikamwona anacheka peke yake, mikono kiunoni, huku watu wakimpita.

Walimfanyia upasuaji jioni ile ile. Mtoto alitoka wa kiume, mdogo kama kifaranga, wakamweka kwenye sanduku la joto. Shemeji alifika kwa treni, viatu vina matope ya shamba la mafunzo, akazuiwa mlangoni hadi alipovivua. Kwa wiki tatu mdogo wangu alinitumia picha ya mtoto kila asubuhi, na kila asubuhi niliikuza hadi uso mdogo ule ukajaa karatasi nzima, nikatoa nakala ya kumpelekea Mama Kasense. Zilijaa ukutani kwake, zimebandikwa kwa uji wa ngano. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali waliangalia mashavu yanavyonenepa.

Nilikuwa na hasira na yule mama wa kwenye kundi, na nilitaka mdogo wangu amwambie maneno. Alipotoka hospitali alikwenda kumtafuta, mtoto kifuani. Nilisubiri kusikia ugomvi. Badala yake alinipigia akiwa na sauti ya upole.

"Dada, ana mtoto wa miaka minne. Alimzalia nyumbani. Na yeye aliambiwa hivyohivyo alipofika, hana kadi, akaamini. Nimemwonyesha ule ukurasa. Ameusoma wote, mpaka chini. Amesema, miaka minne niko hapa, na hiki kitu kilikuwa kwenye simu yangu."

"Akafanyaje?"

"Akalia. Halafu akaniuliza, na kuhusu shule wanasemaje?"

Hasira yangu ilikwisha hapo. Na ndipo kazi yetu ilipoanza, kazi ambayo hatukuipanga. Maana kuhusu shule hatukujua wanasemaje. Nikaingia tena kwa njia ileile, chuo, mji, lugha, Kiswahili, nikakuta. Kesho yake yule mama akauliza kuhusu kubadilisha leseni ya udereva. Mwingine akauliza kuhusu darasa la lugha lenye mahali pa kuacha watoto. Mdogo wangu anakusanya maswali kule, mimi natafuta huku wateja wanapopungua, na kila jibu nalipitisha mahakamani kwangu: anwani, mwandishi, tarehe, shahidi wa pili. Likikosa shahidi tunaandika wazi kuwa hatuna hakika, na mahali pa kuulizia. Tumeyaandika yote kwa Kiswahili chepesi, kurasa sita, na kila jibu lina njia ya kufika kwenye chanzo chake ili mtu akajionee mwenyewe. Yule mama ndiye anayeyasambaza kwenye kundi. Hakuna anayebishana naye, kwa sababu yeye mwenyewe huanza kwa kusema, "Mimi niliwahi kuwapotosha watu. Someni hapa, msinisikilize mimi."

Mwezi wa nane halmashauri ya mji ule ilimwita mdogo wangu. Aliogopa, nikaogopa na mimi kidogo, sitasema uongo. Walikuwa wameona watu wengi wanaingia kwenye kurasa za Kiswahili ghafla, wakataka kujua sababu, na watu wakamtaja yeye. Akawaonyesha karatasi zetu sita. Wakamwomba akae na yule mkalimani wa simu, ambaye ni mtu wa Bukavu, wapitie maneno pamoja, ili wa Kongo aelewe na wa Tanzania na Kenya waelewe. Walibishana wiki nzima. Yeye anasema karte, mdogo wangu anasema kadi. Walikubaliana kuyaacha yote mawili.

Siku moja walinipigia wote wawili, kwa video, nikiwa na wateja wamejaa benchi. "Dada," yule mkalimani akaniuliza, "huko kwenu mtu aliyefika juzi mnamwita nani?" Nikawauliza wateja. Mmoja akasema mgeni. Mwingine akasema mgeni ni wa kuondoka, huyu amekuja kukaa. Mama mmoja muuza dagaa akasema, "Mwiteni jirani mpya." Benchi zima likakubali. Nikayarusha maneno hayo Ulaya, na nikawasikia wanayaandika.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe akiwa njiani. Familia moja imefika kutoka upande wa Kigoma, baba, mama na watoto watatu, na mji umemwomba akawapokee kituoni awaelekeze. Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo na matangazo ya treni. Alisema mtoto yuko mgongoni, amemfunga kwa kanga juu ya koti, na watu wanageuka kumtazama. Alisema ameshika karatasi zetu mkononi, amezitia kwenye nailoni zisilowane, na treni ndiyo hiyo inaingia, atanipigia baadaye.